Hewa Iliyoongezwa Oksijeni: Je, Mpiga Mbizi Aichague?

(Maneno ya somo lililosomwa katika redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Kila mwanafunzi awe na penseli na karatasi.)

Natumaini mmekwisha kukaa, na wasimamizi wa madarasa wamekwisha kugawa karatasi. Leo tutafanya hesabu, lakini si hesabu ya duka wala ya shamba. Leo tutahesabu hewa.

Somo hili limetokana na barua. Kijana mmoja wa kaskazini ya Unguja, asomaye katika darasa la jioni, ametuandikia. Anafanya kazi katika chombo kipelekacho watalii kupiga mbizi upande wa Mnemba. Hubeba mitungi, huosha vifaa, na siku nyingine huzamia pamoja na wageni, maana amekwisha kupata cheti cha kwanza cha kupiga mbizi. Sasa tajiri wake amekubali kumlipia nusu ya gharama ya mafunzo ya daraja la pili. Katika mafunzo hayo yamo mambo ya kuchagua, na moja ni kutumia hewa iliyoongezwa oksijeni, ambayo wapiga mbizi huiita naitroksi. Anauliza: "Je, nilichague jambo hili, au ni njia ya kunitoa fedha tu?"

Ni swali zuri. Na ninyi msiokaa pwani msifunge redio, kwa kuwa hesabu tutakayoifanya ni ile ile ya asilimia tuliyojifunza, isipokuwa hapa ukikosea huwezi kufuta na kuandika tena.

Kwanza tueleze mafunzo yenyewe. Yako mashirika mengi yatoayo vyeti vya kupiga mbizi. Lililoenea sana ni PADI, lililoanzishwa Marekani mwaka 1966. Mwenye cheti chake cha kwanza cha mtu mzima huruhusiwa kushuka mpaka mita 18, yaani kama pima 10 kwa kipimo cha manahodha wetu. Mafunzo ya daraja la pili yana mbizi tano. Mbili ni za lazima: mbizi ya kina, ambayo huweza kufika mita 30, na mbizi ya kutafuta njia chini ya maji kwa dira. Tatu zilizobaki mwanafunzi huchagua mwenyewe: kuzamia usiku, kutambua samaki, kuzamia penye meli iliyozama, kujifunza kutulia majini bila kupanda wala kushuka, na nyinginezo. Naitroksi ni moja ya hizo za kuchagua.

Sasa tuitazame hewa. Hewa hii tuivutayo si kitu kimoja. Ukiigawa mafungu 100, mafungu 21 ni oksijeni, mafungu 78 ni naitrojeni, na fungu moja lililobaki ni gesi nyingine ndogo ndogo. Oksijeni ndiyo itumiwayo na mwili. Naitrojeni mwili hauna kazi nayo. Huingia na kutoka kama mpita njia. Hapa juu ya nchi haina neno lolote.

Chini ya maji mambo ni mengine. Maji ni mazito. Juu ya bahari tunabeba uzito wa hewa ya dunia, nasi hatuusikii kwa kuwa tumeuzoea tangu kuzaliwa. Tuuite mgandamizo 1. Ukishuka mita 10, maji yaliyo juu yako yanakuongezea uzito kama ule wa hewa yote ya dunia. Basi mgandamizo unakuwa 2. Mita 20 unakuwa 3, mita 30 unakuwa 4. Andikeni kanuni hii: gawanya mita kwa 10, kisha ongeza 1. Mita 18 ni ngapi? Kumi na nane kwa kumi ni 1.8, ongeza 1, ni 2.8. Vema.

Mpiga mbizi akiwa mita 30, mtungi wake humpa hewa iliyogandamizwa mara 4, maana isipokuwa hivyo kifua chake hakiwezi kuivuta. Naitrojeni nyingi huingia katika damu na katika nyama ya mwili. Kadiri akaavyo ndivyo izidivyo kuingia. Akipanda polepole, baada ya muda wa kiasi, hutoka kwa njia ya mapafu bila madhara. Akikaa mno, au akipanda kwa haraka, hufanya mapovu mwilini. Mmekwisha kuona soda ifunguliwapo kwa ghafula. Ni mambo yale yale, ila chupa ni mtu.

Ugonjwa huu watu waliujua kwa taabu. Mjini New York, kuanzia mwaka 1870 mpaka 1883, lilijengwa daraja kubwa la Brooklyn. Vibarua walichimba msingi chini ya mto, ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa ya kugandamizwa ili maji yasiingie. Walipotoka, wengi walishikwa na maumivu ya viungo, na wengine walipooza. Hata mhandisi mkuu, Washington Roebling, alishikwa mwaka 1872, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki aliisimamia akiwa nyumbani, mkewe Emily akipeleka maagizo yake kwa mafundi. Baadaye mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, aliwatia mbuzi katika chumba cha chuma chenye hewa ya kugandamizwa, akawatoa kwa mwendo mbalimbali, akatazama ni wapi wachechemeao. Mwaka 1908 alitangaza jedwali la kwanza la kuaminika la kumwonyesha mpiga mbizi apande kwa namna gani. Majedwali ya leo, na kompyuta ndogo zivaliwazo mkononi kama saa, ni wajukuu wa jedwali lile la mbuzi.

Basi, ikiwa naitrojeni ndiyo adui, si tuipunguze? Ndiyo maana ya naitroksi. Fundi huongeza oksijeni katika mtungi, na kwa kuwa mafungu ni 100 tu, oksijeni ikizidi naitrojeni hupungua. Michanganyiko itumikayo sana ni miwili: ule wa oksijeni 32 katika mia, na ule wa 36 katika mia. Idara ya Marekani ishughulikayo na bahari na hali ya hewa, iitwayo NOAA, ilianza kuwapa wapiga mbizi wake wa utafiti katika miaka ya 1970, chini ya uongozi wa Morgan Wells. Mwaka 1985 Dick Rutkowski, aliyekuwa ametumika katika idara hiyo, alianzisha mafunzo kwa watu wa kawaida. Wengi waliipinga, wakaiita gesi ya uchawi. Lakini mwaka 1996 PADI wenyewe waliikubali wakaanza kuifundisha, na leo inafundishwa mahali pengi penye mafunzo ya kupiga mbizi.

Faida yake ni muda. Katika jedwali la PADI, mtu avutaye hewa ya kawaida katika mita 18 anaweza kukaa dakika 56 kisha akapanda moja kwa moja. Akivuta mchanganyiko wa 32, dakika 95. Katika mita 22 hewa ya kawaida humpa dakika 37. Mchanganyiko wa 32 humpa karibu saa nzima. Katika mita 30, dakika 20 huwa dakika 30 hivi.

Mwenye duka la mbizi akikuonyesha tarakimu hizo, usitoe fedha bado. Hizo ni dakika za mwili. Mtungi nao una dakika zake, na mtungi haujali kama ndani mna oksijeni nyingi au chache; unakwisha kwa mwendo ule ule. Tuhesabu.

Chukueni mtungi wa lita 12, uliojazwa mpaka mgandamizo 200. Kumi na mbili mara 200 ni lita 2,400 za hewa. Hatuutumii wote, tunapanda na akiba ya 50, yaani lita 600. Zinabaki lita 1,800 za kutumia. Mgeni asiyezoea, ambaye moyo unamdunda kwa furaha na hofu, tuseme huvuta lita 20 kwa dakika akiwa juu. Katika mita 22 mgandamizo ni 3.2, basi huvuta mara 3.2 ya hizo, yaani lita 64 kwa dakika. Gawanyeni 1,800 kwa 64. Mmepata 28 na kidogo. Mgeni huyu mtungi wake umekwisha katika dakika 28, na jedwali la hewa ya kawaida lilikuwa limempa 37. Hizo dakika 60 za naitroksi zamfaa nini? Karibu hazimfai kitu, kwa mbizi moja. Ni kama kumwongezea mtu muda wa kukaa mezani na hali sahani ni tupu.

Sasa tumtazame kiongozi wa wapiga mbizi, mtu wa kazi, aliyezoea maji, avutaye lita 12 tu kwa dakika. Kumi na mbili mara 3.2 ni 38.4. Lita 1,800 kwa 38.4 ni dakika 46 na zaidi. Hapo ndipo pa kutazama sana. Mtungi wake una dakika 46, bali jedwali la hewa ya kawaida linasema 37. Mtu huyu anaweza kuupita mpaka wa naitrojeni huku mtungi wake bado unacheka.

(Hapa tumefanya kana kwamba mtu anakaa mita 22 tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa kweli mpiga mbizi hupanda na kushuka kando ya matumbawe, na kompyuta yake humhesabia hayo yote. Lakini kwa kujifunza, hesabu yetu yatosha.)

Tena kiongozi hazamii mara moja. Huzamia asubuhi, hupumzika chomboni muda wa chai na tambi, huzamia tena. Kesho vivyo hivyo, na msimu wa wageni ukiwa mzuri hufanya hivyo siku sita kwa juma. Naitrojeni ya mbizi ya kwanza haijaisha kutoka ila ya pili imeingia juu yake. Wageni hubadilika kila juma, yeye ni yule yule. Na wageni wengi siku hizi huja na kadi zao za naitroksi. Wazieni chombo chenye wageni sita, wote wana mitungi ya 32, na kiongozi wao ana hewa ya kawaida. Dakika ya 37 inafika, wageni bado wana nafasi, wamemwona kasa, wanataka kukaa. Kanuni ya kazi yasema kundi lote lifuate muda wa yule mwenye muda mchache kuliko wote. Lakini kijana huyu anafikiri juu ya bakshishi, anafikiri juu ya tajiri wake, anasema moyoni, "Dakika tano tu." Kesho tano nyingine. Siku moja bega linauma usiku, anadhani ni mitungi aliyobeba, au baridi yabisi, anapakwa mafuta analala.

Maumivu hayo ndiyo mwanzo wa ugonjwa wa mapovu: viungo kuuma, ngozi kuwasha au kuwa na madoa, ganzi, miguu kukosa nguvu. Mwenye dalili hizo baada ya kuzamia hapakwi mafuta. Hupewa oksijeni tupu ya kuvuta na hupelekwa kwa daktari upesi, ili daktari aamue kama atahitaji chumba cha mgandamizo. Na vyumba hivyo ni vichache sana katika pwani yetu, na safari ya kuvifikia yaweza kuwa ndefu na ya gharama.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana limeanza kuonekana. Lakini kabla hajaweka sahihi lazima asikie upande wa pili, maana oksijeni nayo ina sumu yake.

Watu hushangaa wakisikia hivyo. Je, si oksijeni ndiyo uhai? Ndiyo, kwa kiasi chake. Mfaransa Paul Bert alionyesha mwaka 1878 kwamba oksijeni ikigandamizwa mno hushambulia ubongo, na kiumbe hushikwa na mtukutiko kama wa kifafa. Katika vita vya pili vya dunia daktari wa jeshi la maji la Uingereza, Kenneth Donald, aliwapima wapiga mbizi wengi. Aliona kwamba watu hawafanani katika kustahimili, na tena kwamba mtu mmoja hafanani na nafsi yake: leo atastahimili sana, kesho kidogo. Basi asikudanganye mtu kusema, "Mimi nimezoea." Jambo hili halizoeleki.

Wakati mwingine huja dalili kwanza: macho kuona vibaya, masikio kulia, kichefuchefu, midomo kutukutika, kizunguzungu. Wakati mwingine haiji dalili yoyote. Mtu akishikwa na mtukutiko kitandani, wenzake humwangalia mpaka upite, na kwa kawaida huamka. Akishikwa chini ya maji, kipumulio humtoka mdomoni, naye huzama. Oksijeni haikumwua; bahari ndiyo imemwua.

Ndiyo sababu pakawekwa mpaka. Tuuhesabu kwa namna nyepesi. Chukua oksijeni katika mia, zidisha kwa mgandamizo. Jibu lisipite 140. Kuna mpaka mwingine wa 160, lakini huo ni wa dharura, si wa kupangia safari. Na hata katika 140 yenyewe pana saa ya kuhesabu: dakika 150 ndizo nyingi kabisa kwa mbizi moja.

Hewa ya kawaida, mita 30: 21 mara 4 ni 84. Tuko mbali na hatari. Mchanganyiko wa 32, mita 30: 32 mara 4 ni 128. Bado tuko ndani. Sasa mchanganyiko wa 36, mita 30. Andikeni kwanza, nami nitangoja.

(Kimya kidogo.)

Thelathini na sita mara 4 ni 144. Umepita mpaka.

Mmeona? Na mita 30 ndicho kina kile kile ambacho mwanafunzi wa daraja la pili anaweza kupelekwa katika mbizi yake ya lazima! Mtu akisikia kwamba oksijeni zaidi ni bora zaidi, akachagua mtungi wa 36 kwa ajili ya mbizi ya kina, amejitafutia balaa kwa fedha yake. Mchanganyiko wa 32 una sakafu ya mita 33. Mchanganyiko wa 36 una sakafu ya mita 28 tu. Hewa yetu ya bure, isiyoongezwa kitu, ndiyo yenye sakafu ya chini kuliko zote mbili. Kwa hiyo anayedhani naitroksi ni ya kwenda chini zaidi ameielewa kinyume. Ni ya kukaa zaidi katika kina cha katikati. Wala usitumaini kwamba itakuondolea ule ulevi wa kina, wa kuchangamka na kupumbaa, umpatao mtu kuanzia mita 30 hivi. Katika jambo hilo naitroksi haina msaada wa kutegemea.

Katika kuta za matumbawe za Pemba, ambako ukuta hushuka mpaka gizani, jambo hili si la darasani tu. Hakuna mchanga chini wa kukuzuia. Sakafu yako ni tarakimu iliyoandikwa juu ya mtungi, na mwenye kuisoma ni wewe.

Nataka tukae kidogo juu ya maandishi hayo, kwa kuwa sisi ni darasa la kusoma na kuandika. Mtungi wa naitroksi na mtungi wa hewa havina tofauti ya uzito wala ya harufu, na gesi hazina rangi. Mara nyingi mtungi wa naitroksi hufungwa utepe wa kijani na manjano, lakini utepe hausemi kama ndani mna 32 au 36, na mtungi wenye utepe waweza kuwa umejazwa hewa tupu. Kwa hiyo desturi iliyowekwa, nayo haina msamaha, ni kwamba kila mpiga mbizi apime mtungi wake kwa macho yake mwenyewe. Kipo chombo kidogo cha kupimia oksijeni. Kwanza hukipima katika hewa ya kawaida, kionyeshe 20.9. Kisha unafungua mtungi kidogo sana, gesi ipite polepole juu yake, ungoje mpaka tarakimu zitulie, usome. Unaandika juu ya kipande cha utepe: oksijeni katika mia, kina cha mwisho, tarehe, na herufi za jina lako. Unabandika mtungini. Unatia sahihi katika daftari la kituo. Kisha unaiambia kompyuta yako ya mkononi ni mchanganyiko gani utakaouvuta, maana haiwezi kujua isipoambiwa.

Chombo hicho cha kupimia huchakaa. Ndani yake mna kitu kama betri, ambacho hufa baada ya miaka michache, na joto na unyevu wa pwani si rafiki zake. Kikikataa kutulia penye 20.9, kikatae na wewe.

Nimesikia wakubwa wa vyombo wakisema kwamba vijana wao ni hodari mno majini hata hawahitaji mambo ya makaratasi. Uhodari ni kweli. Wapo vijana wa Nungwi na wa Chole ambao walijua kuogelea kabla ya kujua kufunga kanzu vifungo. Lakini samaki hasomi utepe, na kijana huyu anapaswa kuusoma. Asiyeweza kutofautisha 3.2 na 32 asipewe mtungi huu, hata kama ni bingwa wa kijiji kizima. Na akijifunza, basi ana haki ya kupewa kazi iendayo na elimu hiyo pamoja na mshahara wake, si kubeba mitungi tu.

Tumjibu sasa mwenye barua. Ndugu yangu, kama ungekuwa mtalii, ukizamia siku tatu kwa mwaka katika mita 12, ningekuambia weka fedha yako. Lakini wewe unataka kuwa kiongozi. Kwako naitroksi ni kifaa cha kazi, kama shoka kwa seremala, basi ichague. Ila fahamu jambo moja ambalo wengi hawaambiwi waziwazi: ile mbizi moja ya naitroksi iliyomo katika mafunzo ya daraja la pili ni ya kuonja. Inahesabiwa katika mbizi zako tano, lakini haikupi kadi ya kujazia mitungi. Kadi hutolewa kwa kozi kamili ya naitroksi, yenye kusoma, mtihani, na kupima mitungi kwa mkono wako. Mbizi ya kuonja huhesabiwa katika kozi hiyo. Kwa hiyo muulize mwalimu kabla hujalipa: je, bei hii inaishia katika kuonja, au inanifikisha kwenye kadi? Kitabu kimo? Mitungi yenyewe ya naitroksi imo, au italipiwa mbali? Mwambie akuandikie.

Muulize pia kama kituo kina chombo cha kupimia kinachofanya kazi, akuonyeshe. Kituo kisemacho, "Usijali, sisi tumekwisha kukupimia," ondoka hapo.

Na katika zile mbizi mbili nyingine za kuchagua, moja iwe ya kutulia majini. Mtu asiyeweza kutulia hupiga maji kwa mikono, huvunja matumbawe, na humaliza mtungi kabla ya wakati. Umekwisha kuona katika hesabu yetu kwamba mtungi ukiisha, naitroksi haina la kukusaidia. Ningekupa fedha ya mbizi moja tu, ningeitoa kwa hiyo kwanza. Ya tatu chagua upendavyo. Wageni hufurahi kiongozi akijua majina ya samaki, nawe majina ya Kiswahili unayo tayari. Yaongezee ya wageni.

Ukipata kadi, wapo viongozi wa kazi wafanyao hivi: huvuta mchanganyiko wa 32, lakini hufuata dakika za hewa ya kawaida. Yaani hawatumii zile dakika za ziada, wanaziacha ziwe akiba ya mwili. Kwa mtu azamiaye kila siku, naona ni akili nzuri, mradi asisahau kwamba sakafu yake ni ile ya 32, mita 33, hata kama kompyuta yake inahesabu hewa.

Sasa zoezi la wiki hii. Kwanza, kiongozi ana mtungi wa 36. Wageni wake wanataka kwenda mita 25. Mgandamizo ni ngapi, na jibu la oksijeni ni ngapi? Je, aende? Pili, mtungi ulioandikwa 32 umepimwa ukaonyesha 38. Hesabuni sakafu yake ya kweli: gawanya 140 kwa 38, toa 1, zidisha kwa 10, kisha acha sehemu ndogo iliyobaki, usiipandishe. Tatu, andikeni sentensi tatu mkimweleza mwenye chombo kwa nini mtungi huo wa pili hauendi mita 30 leo. Wasimamizi watasahihisha, na majibu tutayasoma katika kipindi kijacho.

Kwaherini.